Sahihi ya Mzee Wojtas

Jumanne, 6 Februari

Wiki ya tano ya kujitolea. Leo wagonjwa saba wamenifukuza. Wa nane alinirushia kikombe cha jeli. Kilikuwa kitupu, lakini nia aliyokuwa nayo haikuwa tupu.

Kazi yenyewe: vaa fulana ya bluu, zunguka idara ya dharura, mtafute mwenye maumivu ya kifua, umwombe atolewe kichupa kimoja zaidi cha damu kwa ajili ya utafiti. Akikubali, anatia sahihi fomu ya ridhaa. Akikataa, unamshukuru na kuondoka. "Unamshukuru" – maneno ya Lorna Pruitt, mratibu wetu. Yeye mwenyewe sijamsikia akimshukuru hata paka.

Ofisini kwake kuna ubao wenye majina yetu na idadi ya sahihi. Whit Adair, kumi na tisa. Mimi, sita. Pruitt akaligonga jina langu kwa kalamu mbele ya wote, akaniuliza: Corinne, wagonjwa wanakuogopa au wewe unawaogopa? Wakacheka. Whit alicheka kuliko wote, na yale meno yake ya kunyooshwa kwa waya.

Daktari Voss, mkuu wa utafiti huu, humwandikia barua ya kumpendekeza aliyefikisha ishirini tu. Bila barua hiyo, chuo cha udaktari nitakiona kwenye picha.

Alhamisi, 8 Februari

Theluji mpaka magotini. Nimepata sahihi mbili. Jumla nane. Sina hamu ya kuandika.

Jumanne, 13 Februari

Kitanda namba kumi na mbili: Eugene Wojtas, miaka sabini na minane, mstaafu wa kiwanda cha chuma. Kifua kinambana. Binti yake, Bernadette, aliwaletea manesi boksi zima la maandazi ya jemu kwa kuwa kesho Kwaresima inaanza. Baba anaumwa na yeye anagawa maandazi! Watu wa mashariki ya mji huu ndivyo walivyo.

Nikajitambulisha.

"Unauza nini?" akauliza mzee.

"Siuzi kitu, mzee. Kuna utafiti wa—"

"Sikiliza, binti. Kiwandani walitupima mapafu kila mwaka, wakatuambia tuko sawa. Wenzangu sita wako udongoni, na karatasi zao zinasema wako sawa. Damu yangu nabaki nayo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi andika HAPANA. Herufi kubwa, niione."

Nikaandika kwenye orodha yangu. Akavaa miwani, akasoma, akaridhika. "Haya, kachukue andazi huko. Umekonda kama ufagio."

Nilikula mawili.

Saa tisa alasiri, makofi ofisini. Whit kafikisha ishirini! Nikatazama jina la mwisho kwenye orodha yake. Wojtas, kitanda kumi na mbili.

Nilikwenda kitandani mbio. Mzee kalala, mdomo wazi. Walimchoma mofini, dawa kali ya maumivu, saa nane. Kwenye mkono, plasta mpya. Na fomu iliyo kwenye faili lake – herufi W, kisha mstari unaoserereka hadi ukingoni mwa karatasi, kama mtu aliyeteleza kwenye barafu.

Nikamkabili Whit. Akasema mzee kabadili mawazo.

"Alikuwa usingizini!"

"Alifumbua macho. Tatizo lako hujui kuongea na watu, Corinne. Unaongea kama askari anayeandikia magari faini."

Jumatano, 14 Februari

Nusu ya watu hapa wana majivu kwenye paji la uso. Pruitt naye. Toba juu, ulimi uleule chini.

Nilimweleza yote. Akasema wagonjwa hubadili mawazo kila siku. Nikasema huyu mofini ndiyo iliyombadilishia. Hapo akaweka kikombe chake mezani, taratibu.

"Una ushahidi, au una wivu?"

Nina vyote viwili! Ndivyo nilivyotaka kumjibu. Nilitoka.

Mzee Wojtas wamemhamishia ghorofa ya nne. Nilipita mlangoni kwake – sijui kwa nini, sikutumwa.

"Wewe ufagio! Njoo hapa. Jana nilikwambia nini?"

"Hapana."

"Nani basi amenitoboa mkono?"

Bernadette alikuwa dirishani. Akasema nesi amemwambia baba alitia sahihi mwenyewe. Wote wawili wakanitazama. Ningeweza kusema sijui. Neno moja tu, na ningeendelea na safari yangu.

"Ulikataa," nikasema. "Niliandika kwa mkono wangu. Mwenzangu alikuja ukiwa umelala na dawa."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aligeukia ukuta.

"Si wangengoja niamke tu," akasema. "Ningewakatalia tena, basi. Kuna ubaya gani?"

Bernadette akaniuliza jina la huyo mwenzangu. Nikalitaja. Nikamtajia herufi moja moja ili asikosee. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 15 Februari

Bernadette ameshalalamika kwa uongozi, na sasa hakuna anayenisemesha. Koti langu nimelikuta sakafuni chini ya ndoano, lina alama ya kiatu.

Whit alinizibia njia kwenye lifti. Ati najiona mtakatifu. Ati tuanze basi na Alhamisi iliyopita, kitanda cha tano, Bi Tillery.

Haya. Acha niandike, maana siku ile sikuandika hata humu, mahali ambapo hakuna asomaye ila mimi.

Bi Tillery hakuwa na miwani. Aliniomba nimsomee fomu. Ina kurasa nne. Nilisoma wa kwanza, nikaruka hadi kwenye mstari wa sahihi. Akauliza, "Ni hayo tu, mwanangu?" Nikasema ni hayo tu. Akanipapasa mkono, akaniombea nifaulu masomo. Whit alikuwa upande wa pili wa pazia na mgonjwa wake. Kumbe alisikia kila kitu.

"Ukifunga mdomo, na mimi nafunga," akasema Whit pale kwenye lifti.

"Kafie mbele!" Nilisema kwa sauti, hata nesi akageuka. Lakini ndani ya lifti nilibonyeza kitufe cha ghorofa isiyo yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ijumaa, 16 Februari

Saa nne asubuhi, kikao. Daktari Voss, Pruitt, Whit, mimi, na mama mmoja wa ofisi ya maadili ya utafiti, Judith Okerlund. Mtu mzima, sweta la kufuma mwenyewe, anaandika kwa penseli. Nilimdharau alipoingia. Nilikosea.

Whit akaeleza: mgonjwa alifumbua macho, akakubali.

"Alisema nini?" akauliza Okerlund.

"Alitikisa kichwa."

"Kwa kukubali, au kwa usingizi?"

Pruitt akaanza kusema kwamba kwa uzoefu wake—

"Wewe sijakuuliza."

Lo! Wiki sita nimengoja mtu amwambie hivyo!

Kisha Okerlund akasema damu ya Mzee Wojtas itatupwa, na mzee ataombwa radhi uso kwa uso. Voss akamwambia Whit avue kitambulisho. Akakivua, akakiweka mezani. Nilingoja anitaje. Alikuwa na nafasi, alikuwa na sababu. Akanitazama kwa muda mrefu. Alivaa koti lake akakaa tena, kwani hakuna aliyemwambia atoke.

Kwa nini hakusema? Ningekuwa mimi, ningesema. Jana tu nilijua yeye ni mtu gani. Leo sijui.

Voss akanigeukia. Akasema ishirini si kitu tena, ubao ule unashushwa leo. Barua yangu ataiandika yeye mwenyewe, mchana huuhuu, na ataeleza nilichokifanya. Pruitt alikuwa anatazama viatu vyake. Kila nilichokitamani tangu Januari kiko mezani, kimepangwa!

Okerlund akachonga penseli yake. Akasema nimefanya jambo gumu, ananiheshimu. Bado swali moja tu afunge faili, humuuliza kila mtu. "Sahihi zako nane, Corinne. Wote wanane walijua wanachokubali?"

Nimeomba kwenda chooni.

Niko hapa dakika kumi na moja sasa, naandikia magotini. Kuna mtu anagonga. Ni Pruitt, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake. Wanakungoja, Corinne. Uko salama?

Nimesema nakuja. Nimevuta maji ili wasikie kitu. Mlango bado sijaufungua.