Mlalamishi wa Ukweni

Baba,

Shikamoo. Hapa Lupepo hatujambo, mvua ni ile ile, haikatiki. Ningekuandikia habari za migomba, lakini leo nina hasira, na wa kumwambia ni wewe tu, maana wewe ndiye uliyeniingiza kwenye mambo haya ya ndege.

Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Ofisi ya misitu uliyoitumikia imepunguza watu, wenzako wamerudi kulima. Maduka ya Tukuyu yamejaa sabuni, ile ile uliyokuwa unaipangia foleni. Na wazungu wa kuangalia ndege hawaji tena na barua ya wilaya. Wanaletwa na kampuni ya mtu binafsi kutoka Mbeya, na anayewapandisha mlimani ni mimi, na darubini yako shingoni.

Sasa sikia. Alhamisi navuka mpaka wa Kasumulu na wageni wanne, wiki nzima Malawi. Mwanao ana pasipoti! Bosi amenichagua mimi akawaacha waongozaji wake wa Mbeya, kwa sababu nilijisifu kwamba ninayo orodha ya baba, ndege wa pande zote mbili za mto Songwe. Safari ikienda vizuri, nimeajiriwa. Ikiharibika, narudi kuchuma chai ya watu.

Basi nikakaa kulinganisha orodha na kitabu kipya walichonitumia. Baba, hivi hawa watu wana nini? Kila kitabu kikitoka, ndege mmoja amekuwa wawili, wawili wamekuwa watatu. Ndege wenyewe wako palepale mitini, hawana habari! Wao huko kwao wanakaa vikao kuwagawa kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena mpaka karatasi imetoboka. Ndipo nikafika kwa mlalamishi.

Yule wa kijani mwenye kichwa cha kijivu, uliyempa jina hilo kwa sababu anaimba kama mtu aliyepunjwa sokoni. Kitabu kinasema wa kwetu Rungwe ni ndege mmoja, na wa ng'ambo ni mwingine kabisa. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, mpaka uwasikie. Na wageni wameandika kwamba huyo wa ng'ambo ndiye wanayemfuata kuliko wote.

Nikaweka kalamu chini. Maana wewe ulikuwa na mistari miwili. "Mlalamishi wa nyumbani." Halafu chini yake, "Mlalamishi wa ukweni," na maelezo marefu, anavyoimba na bonde analokaa. Ulimsikia kwao mama, kule Misuku, ng'ambo ya mpaka. Mkwe mwenye adabu hashindi na mama mkwe wake, kwa hiyo asubuhi na mapema ulijifanya unakwenda kutafuta kuni, ukarudi jua limepanda, huna hata kijiti. Mama alikuwa anacheka, "Baba yenu anamkimbia mama yangu."

Na mimi, nilipolinakili daftari lako kwenye buku jipya, nikadhani unamtania bibi. Nikaunganisha ile mistari miwili ikawa mmoja, safi, kwa rula. Na daftari la zamani, Baba... nililigawa. Nilimpa yule mama muuza karanga wa sokoni. Watu wamekula karanga zao wakatupa mwandiko wako barabarani. Juzi nilimfuata. Akaniambia, "Pole mwanangu, zile karatasi zilikwisha wiki ile ile."

Nimelia. Na wewe pia nimekukasirikia, si ungeniambia? Kumbe uliniambia. Ulinisimamisha shambani ukapiga mluzi mara mbili: "Sikiliza, binti. Mmoja anamalizia juu, mmoja anamalizia chini." Yupi ni wa wapi? Sikushika. Nilikuwa nawahi mnadani, marobota ya mitumba yalikuwa yanafunguliwa.

Leo asubuhi nimepanda mlimani peke yangu, bila kitabu. Nikakaa kwenye majani mabichi mpaka sketi ikalowa. Akaimba. Anamalizia chini, Baba. Miaka yote hii nampita, nimeinamia kurasa, ninawaonyesha wageni picha yake, na sijawahi kumsikiliza hadi mwisho.

Basi wa ukweni anamalizia juu. Bonde lake silijui, na nitamwambia bosi hivyo hivyo, atakavyoamua na aamue. Lakini bibi bado yu hai. Hakuweza kuja kukuzika, miguu haimruhusu. Nitaomba siku moja ya kulala kwake, nikae naye jikoni, nimuulize mkwewe alikuwa anakimbilia upande gani. Sijui atacheka au atalia.

Nikimsikia nitampa mstari wake mwenyewe, kwa jina ulilompa wewe. Nisipomsikia, mstari utabaki mtupu. Nakuahidi.

Nisamehe karanga. Pumzika, Baba. Ndaga, tata, asante kwa yote.

Binti yako