Wakwe wako sebuleni, tamthilia inaendelea

Maganga rafiki yangu, leo Jumamosi ndiyo siku nyumba yangu imevunjika.

Wakwe walitoka Tinde kuja kupanga ng'ombe wa mahari ya Scolastika. Tukawasha ile tamthilia ya wale dada watatu. Scola anasema ni kisa cha kitabu cha Wazungu cha zamani, wamekivalisha nguo za leo. Mdogo mtu anatoroka na mwanamuziki, uchumba wa dada yake unavunjika.

Shangazi wa bwana harusi akacheka: "Mayu wee! Nyumba kama hiyo mimi sichukui mke."

Sichukui mke, Maganga! Hata tonge hajameza, Mama Davis jirani akaingia mbio: "Baba Scola, Asteria kapanda pikipiki na yule mchimbaji wa dhahabu, begi mgongoni!"

Asteria wangu. Mdogo wake Scola. Mbele ya wakwe!

Shangazi akanawa mikono. "Tutawasiliana, Baba Scola." Wakaondoka, nyama wameiacha.

Nikakimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa. Akanijibu eti huyo ni mtu mzima, ungemlea vizuri. Ungemlea! Mama yao yuko kaburini, nimlee na nani? Wakubwa wameruhusu mashimo kila kona, wahuni wanapata dhahabu kidogo wanabeba mabinti zetu, halafu lawama kwangu.

Kwenye tamthilia alitokea tajiri akapatanisha watu. Huku kwetu nani atatokea?

Scola bado amekaa jikoni na kitenge chake kipya. Halii. Ameniuliza mara moja tu: "Baba, mimi kosa langu ni lipi?"