Kirusi cha Nyumba Mbili

Nyamasaria, Alhamisi alfajiri, 1996

Kosa la wengi ni kudhani kansa ya mlango wa kizazi ni ya wanawake wahuni. Mimi nimemjua mwanamume mmoja tu, mume wangu.

Jana daktari alisema seli za mlango wangu wa kizazi zimeanza kuharibika, na ndani yake maabara imekuta chembe za urithi za kirusi kinacholeta kansa hiyo, kinachoambukizwa kitandani. Si kansa bado. Wakikata sehemu hiyo mapema, nitapona. Lakini mimi?

"Daktari, mimi ni mama wa kanisa. Kimetoka wapi?"

"Mama, mwanamume hukibeba bila kuumwa popote. Mzee ana mke mwingine?"

"Yuko Ahero, analima mpunga."

"Basi na yeye apimwe. Kirusi hakiulizi nani mke mkubwa, nani mdogo."

Atieno, mke mwenzangu! Krismasi alilalamika kwamba anatokwa damu nje ya siku zake. Sote tukamwambia ni uchovu, kuinama shambani kutwa nzima. Naye akaamini, akarudi kwenye mpunga.

Hatuongei vizuri, mimi na yeye, lakini hili...

Najiambia: nenda Ahero leo, umlete Atieno kliniki.