Mchungwa wa Kwenye Ndoo

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Nanyala hatujambo, mahindi yametoa mbelewele. Umeuliza kama mchungwa mfupi unaweza kukaa kwenye ndoo nje ya chumba chako cha kupanga. Unaweza, ila toboa ndoo chini, maji yasituame.

Tulipokuwa tumepanga Tunduma, babu yako alipanda mmoja hivyohivyo. Mtoto wetu wa kwanza, Tumaini, alijifunza kusimama kwa kushika ile ndoo. Kisha homa ikamchukua. Siku ya kuhama nilimwambia babu yako, "Tuuache. Siwezi kuutazama."

Akajibu taratibu, "Mama Tumaini, kaburi hatuwezi kulihamisha."

Akaupakata garini hadi huku. Ulipozaa, tulimenya chungwa moja, tukalitaja jina la mtoto wetu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Bibi yako anayekuwaza.