Mlio wa Msiba Haujaribiwi

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii, na hata ungekuwa hai leo ukayasikia niliyoyatenda, usingeitikia. Ungegeuza uso ukatema mate. Basi tema, Mjomba. Mimi mwenyewe nimetema mpaka kinywa kimekauka, na kinyaa hakijanitoka.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu, zile za chuoni. Nimekaa barazani kwako. Pembe yako iko mbele yangu juu ya mkeka na siwezi kuitazama vizuri. Miaka yote ile uliyoipuliza, kitongoji kizima kilijua kuna jambo, na kilijua ni jambo gani kabla mtu hajauliza. Milio mifupi ya harakaharaka: kiboko ameingia kwenye mpunga. Mlio mrefu unaopanda: harusi, njooni mle. Na ule unaoanzia juu, ukakatika katikati kama mtu aliyekabwa na kilio, kisha ukashuka taratibu: msiba.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Milio mingine uliniacha niipulize mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Ule wa msiba ulikataa katakata. Ulinifundisha kwa kuguna tu, wewe ukisokota kamba ya makumbi, mimi nimekaa nyuma yako nikiguna, na wewe ukinikosoa bila kugeuka. "Mlio wa msiba haujaribiwi," ukaniambia. "Ukiupuliza, maiti awepo." Nikacheka. Ukanichapa kwa ile kamba, mimi mtu mzima na ndevu zangu.

Kwa hiyo mara ya kwanza kuupuliza ilikuwa siku yako. Sikujua kama utatoka. Ukatoka, Mjomba. Watu wakaja mpaka kutoka Baleni, wakaacha mihogo haijamenywa, wakaacha wali jikoni. Makame, yule msuka madema ya kuvulia samaki, alikuja na mikono bado ina maji ya bahari, akashuka kaburini kukupokea. Mama yangu, dada yako, akaniambia siku ile, "Umemlilia vizuri mjomba wako." Nilijiona mtu.

Sasa ngoja nikueleze mtu huyo alivyooza.

Jumbe wetu unamjua, yule anayenukia udi huku roho yake inanuka. Walio juu yake walitaka watu wa kuchimba barabara ya kwenda Kanga. Akaniamuru nipulize mlio wa baraza. Nikapuliza. Wanaume wote wakaishilia mikokoni, wakabaki wazee na kuku. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akaniita uani kwake, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akasema polepole, "Piga ule ambao hakuna anayeukimbia."

Nilielewa papo hapo. Usinitetee huko uliko kwamba sikuelewa. Nikamwambia mlio ule una mwenyewe, naye ni maiti. Akaniambia jina langu nalo lipo kwenye orodha ya barabara, na kwamba linaweza kufutika. Nikainywa ile kahawa mpaka machicha. Lo! Mpaka leo kahawa siigusi.

Asubuhi yake, jua limepanda kidogo, nikasimama pale unapopajua, nikapuliza. Askari walikuwa wamejificha nyuma ya msikiti. Nyuma ya msikiti, Mjomba! Nikaupuliza vizuri, hilo ndilo linalonitia karaha zaidi. Ulikatika pale pale ulipotaka ukatike, ukashuka vile vile. Na watu wakaja. Wanawake wamejifunika vichwa wanalia tayari, bila kujua wanamlilia nani. Wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi. Makame alifika mbele ya wote, anahema, akanishika bega akaniuliza, "Nani? Nani ametutoka?"

Askari wakatokea nyuma ya msikiti.

Wakafungwa viunoni kwa kamba, majembe yakiwa bado mabegani. Jumbe akacheka akasema wamerahisisha kazi, wamekuja na vyombo vyao wenyewe. Nami nikacheka. Kidogo, kwa kumwogopa, lakini nilicheka, na Makame aliniona.

Tangu siku ile nilikuwa nikipita njiani maongezi yanakatika. Unajua asubuhi za kwetu zilivyo, vinu vinaitikiana nyumba hadi nyumba, watwangaji wanatupiana vijembe kwa nyimbo. Nikikaribia, mchi unasimama hewani. Nikishapita, unaanza tena. Mke wangu Zuhura akiniona naingia anajitia anatafuta kitu uvunguni.

Kisha mama akafariki. Ndiyo, Mjomba, dada yako Mwanakheri. Homa, siku nne. Alifariki baada ya alfajiri, mkono wake kwenye paja la Zuhura. Sijui kama umeshaonana naye huko. Mkionana, atakuwa amekueleza kilichofuata, lakini nataka ukisikie kwangu.

Nikachukua pembe. Safari hii maiti alikuwapo. Nikapuliza kwa pumzi yote, mpaka damu ikanitoka mdomoni. Nikasikia vinu vikinyamaza, kimoja kimoja, mpaka kule mwisho. Nikasema moyoni, wanakuja. Halafu nikasikia makomeo. Milango inafungwa, kwa! kwa! Na vishindo vya wanaume wakikimbilia mikokoni. Nikapuliza tena. Akalia mtoto mahali, akafumbwa mdomo.

Jua likapanda. Maiti ya mama iko ndani, Zuhura peke yake, na mimi uani na pembe.

Aliyekuja ni Bi Tatu, kiziwi. Hakusikia chochote, maskini. Alikuja na kigae chake kuomba kaa la moto kama kila siku, akakuta jiko limepoa, akachungulia ndani. Akatoka ananitazama. "Mwanakheri amekufa na nyumba imekauka hivi? Watu wako wapi?" Anapaza sauti kama unavyomjua, kama anaita mtu aliye ng'ambo. Nikamwonyesha pembe, nikamwonyesha milango. Sijui alielewa nini. Akaweka kigae chini, akachukua mkongojo wake, akatoka.

Nikamfuata kwa nyuma. Alianzia kwa Makame, aliyekuwa amerudi kutoka barabarani siku chache tu, miguu imeliwa na funza, hawezi hata kukimbia. Bi Tatu akagonga mlango kwa mkongojo. "Mwanakheri amekufa! Tokeni!" Mke wa Makame akajibu kutoka ndani kwamba hatoki mtu, mwongo akazike mwenyewe. Na mengine akasema, nilistahili yote. Lakini Bi Tatu hakusikia hata neno. Akabaki amesimama. Akagonga tena, akasimama. Wale ndani wanatukana, yeye anangoja tu, kama mtu aliyeambiwa "karibu, nakuja."

Mlango ukafunguka.

Nyumba zote alizipitia hivyo. Tulimzika mama alasiri. Makame alishika jeneza upande wangu, anachechemea. Nikataka kumshukuru. Akasema bila kunitazama, "Nimemfuata mama yako. Sikufuata pembe yako." Tulipomaliza watu wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyenipa mkono wa pole.

Leo asubuhi jumbe ametuma mtu. Barabara imefika kwenye tope, watu wamepungua, na kesho anataka nipulize "ule wa safari ile." Hata hajui kwamba mlio ule umekufa. Mimi ndiye niliyeuua, na msiba wake ndio pekee usiokuwa na mlio.

Nisamehe, Mjomba. Nimeazima msumeno wa fundi mitumbwi, na nikimaliza barua hii naikata pembe yako hapo kwenye mdomo. Kesho nitampelekea jumbe vipande viwili. Jina langu analijua lilipo, alirudishe kwenye orodha. Jembe ninalo.

Lala salama, na umsalimie mama. Naahidi mbele yako: nikirudi na uhai wangu, nitakuwa nakwenda kwa miguu. Akifa mtu, nitabisha hodi nyumba hadi nyumba, kwa mdomo wangu huu uliosema uongo bila kutamka neno. Leo naanza kwa Makame, kabla sijakamatwa. Sina la kumtangazia, nataka kumwomba radhi. Watanitukana kutoka ndani, nami masikio ninayo, nitasikia yote. Nitasimama hapo hapo.