Waliobaki Darini

Jumatatu, 6 Oktoba
Hili sijamwambia mtu hata mmoja: nawapenda popo wa shule. Kila magharibi nasema naenda kisimani. Uongo. Nasimama nyuma ya darasa letu, nawatazama wakitoka chini ya mabati. Zaituni ninayesoma naye akijua, nitaitwa mlozi Kasongo nzima. Kifaransa kinawaita panya wenye upara. Upara gani? Wana manyoya laini.

Jumatano, 8 Oktoba
Mavi yao yameharibu tena madaftari. Prefe, mkuu wetu wa shule, amekasirika. Ameita fundi azibe matundu. Fundi ni Baba.

Amejigamba wakati wa kula: "Miye si mjinga. Nitangoja jioni watoke wote, ndiyo nizibe." Mama akamsifu. Mimi nikameza bugali na maneno yangu.

Hawatoki wote. Asubuhi niliokota kichanga cha popo sakafuni darasani, uchi, macho yamefumbwa. Mama zao wanawaacha darini, wanaenda kukamata wadudu, wanarudi kunyonyesha. Baba akiziba jioni, watoto watakufa juu ya vichwa vyetu. Sijawahi kumkosoa Baba.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sikusema. Mwoga.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimesema!

Popo walishatoka. Baba juu ya ngazi, misumari mdomoni. Prefe chini, wanafunzi wamejaa. Nikapiga kelele: "Baba, acha!" Sauti yangu ilinishtua mwenyewe.

Zaituni akacheka: "Kumbe bubu iko na mdomo!"

Nikasema wasikilize tu. Wakainua vichwa. Halafu, darini: chi, chi, chi. Wengi. Njaa tupu.

Baba akatema misumari. "Prefe, wamama wametoka, watoto wamebaki. Siwezi."

Prefe akakuna kichwa, akasema: Wakioza humo, nani atasoma? Basi tutasomea chumba kingine mpaka watoto waruke. Baba akaninyoshea nyundo: "Huyu mama, binti yangu, ndiye fundi leo." Zaituni hakucheka tena. Nimeshinda! Mimi!

Jumatatu, 10 Novemba
Wiki nzima Baba na mimi tumepanda ngazi kila jioni, sikio kwenye dari. Leo, hakuna hata chi moja. Wote wanaruka. Akaziba. Mimi nilimshikia misumari.

Jumapili, 16 Novemba
Mvua imekatika. Popo wamehamia ghala bovu la pamba. Darasa linanuka chokaa.

Baba alingoja mwezi mzima kwa neno langu. Nampenda mno. Kumwambia, nimeshindwa, nimeandika tu. Kandambili zake hizo, zinakuja mlangoni. Naficha daftari hili.