Barua Aliyosaini Mzee Kimaiyo

Fukuoka, Japani
21 Aprili 2024

Kwako dada Celestine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila tumbo bado halijakubali kwamba ugali umebaki Naivasha. Mama anaendeleaje? Ile mashine ya kusafisha damu haimchoshi sana? Mwambie namwombea kila asubuhi.

Huku nimepokewa vizuri. Serikali yao imelipa kila kitu kama ilivyoahidi: karo, tikiti ya ndege, chumba na posho ya kila mwezi. Maabara yao, Celestine, ungeiona ungelia. Profesa wangu ni mzee mpole ambaye aliwahi kufika Olkaria kuona visima vyetu vya mvuke, na kitu anachokumbuka zaidi ni nyani aliyemnyang'anya mkate.

Jambo moja sikukwambia. Siku ya mahojiano, mama mmoja kwenye ile meza aliishika barua ya Mzee Kimaiyo akasema, "Mkubwa wako anakupenda kama mwanawe." Nilitabasamu tu. Mimi na wewe tunajua ni nani aliyeiandika.

Nisalimie wote pale kazini.

Ndimi kaka yako,
Wanyonyi


Naivasha
5 Mei 2024

Kaka Wanyonyi,

Salamu za upendo. Sisi hatujambo. Mama yuko vile vile, siku nzuri na siku mbaya, na kila Jumanne na Ijumaa naenda Nakuru kumpeleka hospitali. Tangu uondoke anatamba huyo! Kanisani hakuna asiyejua Japani, hata wale wasiojua Nyahururu iko upande gani. Anasema "mwanangu, mwanangu," na hakuna tena anayekumbuka kwamba wewe ni mtoto wa marehemu dada yake.

Sasa nisikilize, nina shida. Nimeamua kuomba ufadhili tena. Mwezi wa pili mwakani natimiza miaka thelathini na mitano, na wao hawamchukui mtu aliyefika hapo. Hii ndiyo mara yangu ya mwisho. Mwaka jana walinikataa kabla hata ya kuniita kwa mahojiano, na mpaka leo sijui nilikosea wapi. Alama zangu unazijua, ulikuwa ukinakili kwangu.

Mzee Kimaiyo ni yule yule. Nimemwomba barua ya mapendekezo akaniambia, "Si mliandika mwaka jana? Kazi yangu mimi ni kusaini tu." Unakumbuka tulivyocheka? Kwa kuwa kujisifu mwenyewe ni aibu, mimi nikakuandikia yako na wewe ukaniandikia yangu, Mzee akasaini, Edinah wa mapokezi akafunga bahasha, na hakuna aliyesoma sifa zake. Siku tatu nzima nilitafuta maneno ya kukufaa.

Basi nitumie ile uliyoniandikia niongeze kazi za mwaka huu. Usione haya. Nimezeeka, sasa naweza kusoma sifa zangu bila kuona aibu. Mwisho wa kupeleka maombi ni tarehe thelathini na moja.

Dada yako anayekupenda,
Celestine


Fukuoka
19 Juni 2024

Dada Celestine,

Habari za siku nyingi? Natumai mnaendelea vizuri wote, na Mama pia. Mimi sijambo, ila masomo yamenibana.

Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Kulikuwa na mitihani, halafu kompyuta ikaharibika na vitu vyangu vingi vikapotea, pamoja na ile barua. Natumai ulipata mtu mwingine wa kukuandikia mpya. Ulifanya nini hatimaye?

Hapa mvua inanyesha kila siku kama ya Molo. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Kaka yako,
Wanyonyi


Naivasha
4 Agosti 2024

Kaka Wanyonyi,

Salamu kwako. Mungu anatutunza. Mama amepungua uzito kidogo lakini mdomo wake haujapungua hata gramu moja.

Wamenikataa tena. Barua yao ina mistari minne, na hawakuniita kwa mahojiano. Nilipokosa jibu lako nilimwendea Edinah, akatoa nakala ya barua uliyoniandikia kwenye faili, akabadilisha tarehe, Mzee akasaini akiwa amesimama mlangoni. Sikuisoma. Nilitaka, lakini nikaona kama nakushuku, na wewe si mtu wa kushukiwa. Nilidhani maneno yako yatanibeba, kama yangu yalivyokubeba wewe.

Nililia, sitakuficha. Nililia chooni pale maabara, nikanawa uso, nikarudi kupima sampuli za kisima. Miaka kumi na moja napima maji ya watu, na nilitaka miaka miwili tu ya kusoma kwa nini maji yale yako vile yalivyo. Mama anasema riziki ya mtu hailiwi na mwingine. Nimekubali.

Wewe soma kwa niaba yetu sote. Usijilaumu kwa ajili ya kompyuta.

Dada yako,
Celestine


Naivasha
19 Januari 2025

Wanyonyi,

Natumai u mzima. Mama ni mzima. Mimi si mzima, na nitakueleza sababu.

Niliona hukujibu barua yangu ya Agosti. Nikasema ana kazi nyingi. Hata Krismasi ulimpigia Mama kwa simu ya jirani ilhali nambari yangu unayo, nikasema ni mtandao.

Mzee Kimaiyo alistaafu Desemba. Mkubwa wetu sasa ni Bi Chepkosgei, na kitu cha kwanza alichoniagiza ni kupanga faili zote za ofisi ile. Jumatano iliyopita nikafika kwenye faili la mapendekezo. Barua mbili, mimi na wewe, zimebanwa na pini moja.

Yangu kwako nilipoisoma niliona nimeandika vizuri. Kisha nikasoma yako kwangu. Ni ya Kiingereza, lakini acha nikuwekee kwa Kiswahili tulichokulia: "Bi Celestine anategemewa katika kazi za kawaida. Hata hivyo, majukumu ya nyumbani humwondoa kazini mara mbili kwa wiki, na sina hakika kwamba anaweza kukamilisha masomo magumu akiwa mbali na familia."

Kazi za kawaida, Wanyonyi? Nani alikufundisha kupima gesi ya kisima bila kuungua mikono?

Na hizo mara mbili kwa wiki, uliwaambia ni nini? Jumanne ilikuwa zamu yangu kumpeleka Mama hospitali. Ijumaa ilikuwa yako. Ulikuja kwangu ukasema, "Dada, nisaidie Ijumaa, mkubwa ataona sina bidii." Nikachukua Ijumaa yako. Nikaketi na Mama kwenye kiti kile cha plastiki mwaka mzima badala yako, kisha wewe ukaishika Ijumaa ile ile uliyonibebesha ukaniandikia kuwa kosa langu. Na huyo tuliyekuwa tukimpeleka ndiye aliyekutoa kando ya maiti ya mama yako ukiwa na miaka minne, tukalala kitanda kimoja pale kwenye nyumba za reli.

Edinah nilipomwuliza alishika kichwa. "Aki Celestine, mimi nilibadilisha tu tarehe. Ningejua si ningeichoma!" Yeye hakujua. Lakini wewe ulijua. Niliposema naomba tena, ulijua barua iko kwenye faili. Ulikuwa na Mei nzima ya kuniambia, "Usitumie ile." Ukanyamaza mpaka siku zikapita, ndipo ukaniandikia habari za mvua.

Mwezi ujao natimiza thelathini na mitano. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikidhani wanasema habari za chawa.

Nijibu.

Celestine


Fukuoka
9 Machi 2025

Dada yangu Celestine,

Sijui nikusalimu vipi. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaifuta.

Ni kweli. Niliiandika mimi, na nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimesikia ofisini kwamba wataruhusu mtu mmoja tu kutoka maabara yetu. Tangu darasa la kwanza wewe ni wa kwanza na mimi ni wa pili, na walimu wote waliniita kaka yake Celestine. Nikajua wakituweka mezani pamoja watakuchukua wewe. Nilisema moyoni kwamba wewe utapata mwaka unaofuata. Mwaka ulipofuata nikaogopa kwamba nikikuonya utauliza kwa nini.

Sina cha kujitetea. Usiku silali. Ukisema niache masomo nirudi nyumbani, nitaacha. Ukisema niwaandikie waliotoa ufadhili niwaeleze, nitawaandikia. Niambie tu nifanye nini.

Nisamehe, dada.

Kaka yako,
Wanyonyi


Naivasha
30 Machi 2025

Wanyonyi,

Tu wazima hapa.

Usiache masomo. Ukirudi mikono mitupu, mimi nafasi sipati, umri umeshapita. Tutakuwa wawili tuliokosa, na Mama atakuwa na aibu ya kumweleza kila mshirika wa kanisa. Maliza, na ulete cheti.

Unaniuliza ufanye nini. Ni kitu kimoja. Mwambie Mama. Anaamini sikufaulu kwa sababu sikusoma vya kutosha, na kila tukiwa kwenye ile mashine ananiambia nikuige wewe. Namwitikia. Naangalia damu yake ikipita kwenye mrija na kumwitikia. Siwezi tena, Wanyonyi. Mpigie simu akiwa ametulia, siku asiyoenda hospitali, umwambie kwa sauti yako. Atakusamehe. Unamjua, atakusamehe haraka kuliko mimi.

Lakini fanya hima. Ameomba ibada ya shukrani kwa ajili yako kanisani Nakuru, tarehe 27 Aprili. Keki imeagizwa. Anataka utume maneno yasomwe mbele ya washirika, na ameshamwambia mchungaji kwamba msomaji ni mimi.

Celestine


Fukuoka
24 Aprili 2025

Dada Celestine,

Shikamoo yangu mfikishie Mama. Nimejaribu kupiga simu mara tatu. Kila akisema "mwanangu" naishia kumwuliza habari za kuku. Nimeona njia iliyobaki ni kuweka kila kitu kwenye barua ya ibada. Naomba uisome kama ilivyo.

"Mpendwa Mama, Mchungaji na washirika wote, nawasalimu katika jina la Bwana. Nashukuru kwa maombi yenu. Nimemaliza mwaka wa kwanza nikiwa na alama nzuri.

"Mama, wewe ulinilea bila kunitenga na mwanao. Chakula chetu kilikuwa sahani moja.

"Lakini leo nakiri mbele yenu kwamba nafasi hii niliipata kwa kumsaliti Celestine. Niliandika maneno mabaya juu yake ili aachwe. Kama si mimi, huenda angekuwa yeye hapa. Mama, nisamehe.

"Mungu awabariki nyote."

Kaka yako,
Wanyonyi


Naivasha
28 Aprili 2025

Wanyonyi,

Ibada ilikuwa jana na watu walijaa. Mama alikaa kiti cha mbele na kitambaa kipya cha kichwani, miguu imevimba, viatu amevua. Nilichapisha barua yako kutoka kwenye simu nikasimama pale mbele kuisoma.

Nilisoma salamu, wakasema amina. Nilisoma habari za sahani moja, Mama akafuta macho. Kisha nikafika pale ulipokiri. Nikamwangalia Mama. Alikuwa amefungua mdomo kidogo, kama mtoto anayengoja kulishwa. Nikanyamaza. Sijui kwa muda gani, mchungaji alikohoa. Nikaruka, nikasoma "Mungu awabariki nyote," na akina mama wakapiga vigelegele.

Tulipotoka Mama akaniuliza, "Mbona ulinyamaza katikati?" Nikamwambia wino ulikuwa umefifia. Sijawahi kumdanganya Mama, hata siku ambazo daktari alinisihi nimdanganye. Jana nilimdanganya mlangoni mwa kanisa, na nimefanya hivyo kwa ajili yako.

Niliporudi Naivasha ndipo nikakasirika kweli. Ulishindwa kumwambia kwenye simu, watu wawili tu. Ukaona afadhali nimwambie mimi, mbele ya watu mia mbili, aanguke pale mikononi mwangu. Hata toba yako umenituma niibebe. Ulitaka nafasi, nikakuandikia. Ulitaka Ijumaa, nikakuchukulia. Sasa unataka kuungama, na kinywa kitakachoungama ni changu!

Nimemaliza. Barua zako kwa Mama ziandikie anwani ya kanisa, Kui, binti wa mchungaji, atamsomea. Mimi usiniandikie. Nauli ya likizo ya Desemba unayo kwenye posho yako. Kama kweli unataka ajue, panda ndege, uje ukae kwenye kile kiti cha plastiki siku ya Ijumaa, umwangalie usoni umwambie. Usipokuja, atakufa akikusifu, na mimi nitakuwa kando yake nikiitikia.

Mama anakusalimu sana na anasema anajivunia wewe. Salamu hizo ni zake peke yake.

Celestine Nafula